Kitambaa Juu ya Raketi Nyeusi

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mtu hapangi foleni ya maji kwa miguu yake. Hupanga kwa dumu lake. Bomba hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, lakini kabla jua halijachomoza madumu ya njano huwa yamekwisha kujipanga mchangani, moja nyuma ya jingine, hili limefungwa kamba nyekundu, lile limechorwa msalaba, na wenyewe wako nyumbani wakikoroga uji. Dumu likiwa kwenye mstari, nafasi ni ya mwenyewe hata akichelewa. Likitolewa, nafasi imekwenda. Sheria hiyo haijaandikwa popote, ila kila mtu anaijua, na katika bomba lililo karibu na kanisa la makuti, mlinzi wake alikuwa Adau.

Adau alifika kambini mwaka 1992 akiwa na miaka mitano, mkono wake mmoja ndani ya mkono wa dada yake, mavumbi hadi kwenye kope. Sasa ilikuwa mwaka 2013, naye alikuwa mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubebea, sauti ya kuamuru na jicho lisilopitwa na kitu. Akisema, "Mama, rudisha dumu lako," hata wazee walirudisha. Watu walimheshimu kwa haki yake. Walimpenda pia, ingawa kwa tahadhari, kama mtu anavyompenda mbwa wa jirani.

Lakini maisha yake halisi yalianza saa kumi jioni, ndani ya ghala bovu ambalo upepo ulikuwa umeling'oa paa. Humo ndimo walimochezea padeli. Mchezo huo uliletwa na Sista Begoña, mtawa Mhispania aliyesimamia karakana ya useremala kule Lodwar. Ni mchezo wa watu wanne, wawili kila upande wa wavu, na raketi zake hazina nyuzi. Ni kama kibao kinene chenye matundu. Mpira ukishadunda chini unaruhusiwa kugonga ukuta wa nyuma na kurudi, nawe unaupiga ukitoka ukutani. Ghala lile lilikuwa na kuta imara na sakafu ya saruji. Wavu wao ulikuwa kipande cha nyavu za samaki kutoka Kalokol, kule ziwani, na mpaka leo ulinuka samaki mvua iliponyesha, yaani kwa nadra sana.

Adau alicheza upande wa kushoto. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, kushoto ndiko kwa mshambuliaji: mkono wenye nguvu uko katikati ya uwanja, na kila mpira wa juu ni wako. Kulia kwake alisimama Nyadak, msusi wa nywele, mwenye subira ya kurudisha mipira hadi adui achoke. Miaka miwili walikuwa hivyo. Nyadak alijenga, Adau akamaliza. Wakirudi nyumbani walipita njia moja, wakinywa maji kwenye chupa moja.

Kisha akaja Ebyan.

Ebyan alikuwa msichana wa Kisomali wa miaka ishirini na mmoja, aliyeletwa kambini kutoka Nairobi mwanzoni mwa mwaka huo. Shuleni alikuwa amecheza mpira wa vinyoya, na kifundo chake cha mkono kilikuwa chepesi kama mkia wa paka. Alicheza na hijabu yake na suruali ndefu, na hakuonekana kutoka jasho. Jambo lililomuumiza Adau si kwamba Ebyan alipiga mpira vizuri. Ni kwamba alipiga vizuri huku akicheka.

Baada ya mwezi mmoja, Nyadak akaanza kusema "Ebyan anasema." Ebyan anasema tusogee mbele pamoja. Ebyan anasema mpira wa ukutani usiufuate, uusubiri. Adau aliyasikia maneno hayo akahisi kitu kidogo chenye kucha kikitembea ndani ya kifua chake.

"Huyo Ebyan wako anasema mengi," alisema siku moja. "Kuna siku ananyamaza?"

"Wewe nawe!" Nyadak alicheka. "Unamwonea wivu mtoto?"

"Wivu wa nini? Mimi nauliza tu."

Lakini juma lililofuata, dumu la Ebyan, lenye utepe wa buluu, lilikuwa la tatu kwenye mstari, na mwenyewe hayupo. Adau alijua alipokuwa. Alikuwa ghalani na Nyadak, wakifanya mazoezi ya asubuhi ambayo Adau, kwa sababu ya zamu yake, asingeweza kuyahudhuria. Alilitazama lile dumu. Akatazama kulia na kushoto. Akalishika mkono, akalivuta mchangani hadi mwisho wa mstari, nyuma ya madumu arobaini.

Ebyan alikuja mbio, akasimama, akaliona. Alinyamaza, kweli, kama alivyotakiwa. Aliketi kwenye dumu lake hadi saa tano, bomba likafungwa, akaondoka nalo tupu. Adau alifunga koki kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Usiku ule hakufurahia chakula.

Mnamo Agosti ujumbe ulifika. Sista Begoña alikuwa amepokea raketi tatu kutoka kwa ndugu yake Hispania, zilizotumika lakini nzima. Jumamosi timu ya Lodwar, mwalimu mmoja wa sekondari na muuguzi mmoja, ingecheza na timu ya Kakuma, na raketi moja, watakayochagua wenyewe, ingebaki kwa watu wa Kakuma. Didace, Mkongomani aliyefundisha michezo kambini na aliyekuwa kocha wao, alikwenda kutafuta vibali vya kusafiria. Alirudi na chake na vya wachezaji watatu.

"Bon," alisema. "Nyadak anacheza kulia, hiyo haina maneno. Kushoto, tutaona. Jumamosi asubuhi nitawajaribu Adau na Ebyan. Mwenye mkono mzuri siku hiyo ndiye atacheza."

Tutaona! Miaka miwili upande wa kushoto, na leo tutaona. Moyoni Adau alikata shauri: atakayeshika raketi ya kushambulia ndiye mshambuliaji. Akiikamata yeye kwanza, Didace atamweka wapi tena isipokuwa kushoto?

Ijumaa waliondoka na gari la misheni, katika msafara wenye polisi mbele na nyuma, wakatikiswa kama maharage kwenye mtungi hadi Lodwar. Sista Begoña aliwapokea mlangoni mwa karakana, mwanamke mfupi mwenye viatu vya turubai na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Ejok!" aliwasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi, Sista."

Alizilaza raketi tatu kwenye meza ya seremala. Ya kwanza ilikuwa ya duara. "Hii ni ya utulivu," alieleza. "Uzito uko karibu na mkono. Ukiupiga mpira popote juu yake, inakusamehe." Ya pili ilikuwa na umbo la tone la maji, nyembamba chini na pana juu kidogo. "Hii iko katikati. Inashambulia, lakini haina hasira." Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya umbo la almasi, uso wake wa kukwaruza kama msasa. "Hii ni ya mshambuliaji aliyekomaa. Uzito wote uko kichwani. Ndani kuna sponji ngumu. Ukiupata mpira mahali pake, pale juu, unatoka kama risasi. Usipoupata, unalipa kwa kiwiko."

Ebyan aliinama mezani. Aliinua ile ya almasi, akailaza juu ya kidole kimoja kutafuta inapolala sawa. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza. Akapitisha kiganja usoni mwake.

"Sista, hii msasa inasaidia kuzungusha mpira?"

"Ndiyo, hasa."

"Na hii matundu, yakiwa mengi inakuwa nyepesi hewani?"

"Wewe msichana umezaliwa dukani?" Sista alicheka.

Adau aliyasikia maswali hayo kama mtu anayesikia hodi ya mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Kwa nini yeye hakufikiria kuuliza? Ebyan alipoirudisha raketi nyeusi mezani ili aijaribu ile ya tone, Adau alifungua kitambaa cha kichwani mwake, kile cha kijani chenye maua, akakitandaza juu ya raketi nyeusi. Hakuwa ameigusa hata mara moja.

Nyadak aliona. Akacheka kwa mshangao. "Adau! Hapa si bombani!"

"Mimi nimepanga," Adau alisema. "Mwenye macho ameona."

Sista na Didace hawakuelewa. Ebyan alielewa vizuri sana. Alikitazama kitambaa, akamtazama mwenyewe.

"Sawa, abaayo," alisema polepole, akimwita dada kwa Kisomali. "Imepangwa. Tuombe tu isitembee. Mimi dumu langu siku moja liliota miguu likaenda nyuma peke yake."

Adau alihisi uso ukiwaka. Hakujua kwamba yule msichana alijua.

Kesho yake saa moja kasorobo asubuhi, hewa bado tamu, walikuwa uwanjani nyuma ya karakana. Kuta zilikuwa za matofali, na juu yake waya wa seng'enge uliopita kimo cha mtu. Mpira wa smashi nzuri, lile pigo la nguvu kutoka juu, hudunda, unaruka juu ya waya na kutokomea kwenye vichaka vya mswaki, na hapo pointi imekwisha.

Adau aliingia wa kwanza na raketi nyeusi. Usiku kucha ilikuwa imelala kwenye chumba cha saruji chenye ubaridi, na mpira wa kwanza ulimpa habari. Ilikuwa kama kupiga kwa jiwe. Mtetemo ulipanda mkononi ukaketi kwenye kiwiko. Kichwa cha raketi, kwa uzito wake, kilichelewa. Mpira ulikuwa umeshapita ndipo kilipofika. Nyadak alimjengea mipira mitatu ya juu, mitamu, ya kumalizia. Wa kwanza uliingia wavuni. Wa pili uligonga ukingo ukaenda kando. Wa tatu aliupiga kwa hasira yake yote, nao ukagonga ukuta wa mbali bila hata kugusa chini.

"Chukua ile nyingine, mama," Didace alisema. "Hiyo iko ngumu sana kwako asubuhi hii."

"Hii ndiyo yangu."

"Adau," Nyadak alisema kwa sauti ya chini, "chukua ya tone. Tafadhali. Mimi nataka kucheza na wewe."

Maneno hayo aliyatamani kwa miezi mingi. Lakini kuiweka chini raketi nyeusi mbele ya macho ya Ebyan, kuondoa dumu lake mwenyewe kwenye mstari! Mdomo wake ukakataa kabla moyo haujaamua.

"Nimesema hii ndiyo yangu."

Ebyan aliingia na ile ya tone. Mipira mitatu ya juu. Wa kwanza ulipita juu ya waya. Wa pili ulidunda pembeni ukafa. Wa tatu aliugusa tu, kwa dharau ya upole, mahali pasipo na mtu. Didace alimgusa Adau begani akaenda kutafuta chai.

Mechi ilianza saa tano, saa mbaya, kwa sababu msafara wa kurudi ungeondoka saa nane na polisi hawamsubiri mtu. Adau aliketi kivulini mwa ukuta, kando ya mtungi wa maji. Raketi nyeusi aliiweka pembeni yake. Alikuwa ameloweka kitambaa chake ili kujipoza uso, kisha, kwa ukaidi tu, akakitandaza tena juu ya ile raketi kikiwa kibichi. Hakuna aliyekuja kuiomba. Bado ilikuwa imepangwa.

Kuwatazama ilikuwa adhabu. Nyadak alijenga, Ebyan akamaliza. Nyadak aliinua kiganja, Ebyan akakigonga, na kofi lile dogo Adau alilisikia mgongoni. Kila Ebyan alipopata pointi, mkono wa kulia wa Adau ulijikunja mapajani. Kila alipokosa, kitu ndani yake kilikaa vizuri zaidi, kama mtu anayejigeuza kitandani. Alijiona, akajionea haya, na bado kikakaa vizuri. Kakuma walishinda seti ya kwanza sita kwa nne.

Katika seti ya pili mambo yaligeuka. Jua lilikuwa utosini, na upepo ulikuwa wa tanuri. Smashi za Ebyan, zilezile zilizoruka waya asubuhi, sasa zilidunda na kujiinua kivivu hadi kwa muuguzi wa Lodwar, aliyezirudisha bila haraka. Wenyeji wakaona. Wakaanza kuinua mipira juu makusudi, wakimpa Ebyan kile kilichopaswa kuwa karamu.

"Leta nyingine!" mwalimu wa Lodwar alimtania. "Hii ni mpira ama ni mandazi?"

Ebyan hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza Adau kumwona asicheke uwanjani, akangoja furaha imjie. Seti ya pili ikaenda kwa Lodwar, sita kwa mbili.

Karibu na Adau, juani, ilikuwa imelazwa ile raketi ya duara. Aliiokota bila sababu, akaigonga kwa kifundo cha kidole kama alivyomwona Ebyan akigonga. Ilitoa sauti nzito, butu, kama mkate uliolowekwa. Akainua kitambaa kibichi, akaigonga nyeusi. Tak! Kavu, kali, kama mlango.

Akabaki na kidole hewani. Alikuwa msimamizi wa maji kwa miaka sita. Kila siku aliona wanawake wakifunga madumu yao kwa gunia lililoloweshwa, upepo mkavu ukipita juu ya gunia, na maji ndani yakibaki baridi hadi jioni. Sponji ya raketi ilikuwa inalainika kwa joto, ndiyo sababu. Ile ya tone mkononi mwa Ebyan ilikuwa imeiva kama ugali. Na hii nyeusi, iliyokuwa jiwe asubuhi, ilikuwa sasa, chini ya kitambaa, ngumu kiasi kinachotakiwa.

Hakuna mwingine aliyejua. Ebyan alikuwa amekaa chini upande wa pili, akiigeuza raketi yake na kuitazama kama rafiki aliyemsaliti. Adau alichohitaji kufanya ni kuketi tu. Ebyan angeshindwa, Didace angesema tulikosea, na Jumatatu upande wa kushoto ungekuwa wake tena bila hata kuuomba. Ni rahisi kuliko kuvuta dumu. Hili lilikuwa linajivuta lenyewe.

Aliketi. Akahesabu pumzi kumi. Akamwona Nyadak akimwagia Ebyan maji mikononi, kutoka ile chupa yao, na wivu ukampanda, ukali wake kama pilipili. Ndipo akakumbuka jinsi Ebyan alivyoketi juu ya dumu lake tupu, saa baada ya saa, bila kulalamika kwa mtu, huku koki ikiwa mikononi mwake yeye, Adau, mtu wa haki.

Alisimama. Akavuka uwanja.

"Lete hiyo," alisema.

"Nini?"

"Hiyo mandazi yako. Lete. Shika hii." Akaondoa kitambaa, akamsukumia raketi nyeusi. "Igonge. Umesikia? Ile yako imepikwa na jua. Hii ilikuwa kwenye ubaridi."

Ebyan aliigonga. Macho yake yakapanuka. "Lakini hii umepanga wewe."

"Nimetoa dumu. Cheza."

"Abaayo—"

"Usiniite abaayo, nitabadilisha nia. Na kila mkibadilishana upande, unaniletea niifunge tena. Usiilaze juani."

Seti ya tatu Adau aliifanyia kazi kuliko mtu yeyote uwanjani. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akangoja. Kila walipobadilishana upande Ebyan alikuja mbio na raketi ikihema joto, naye akaifunga kama anavyofungwa mtoto mwenye homa, akaipungia hewa, akamrudishia. Mara ya tatu alimwambia, bila kumtazama, "Unachelewa kuinua kiwiko. Mimi huinua mapema." Mara ya nne Ebyan aliinua mapema. Mpira ulidunda, ukapaa juu ya waya, ukaangukia vichaka vya mswaki ambamo mbuzi wawili walitoka wakilalamika. Sita kwa nne. Kakuma.

Nyadak alipiga kelele na kumkumbatia Ebyan, kisha wote wawili wakamkimbilia Adau. Aliwaruhusu wamkumbatie. Alikuwa na furaha, hilo ni kweli. Na ndani ya furaha ile bado kulikuwa na zile kucha ndogo, zikitembea taratibu, kwa maana smashi ile ya mwisho angeitaka iwe yake, na angeitaka hata kesho.

Walipoulizwa wachague raketi ya kubaki nayo, Didace alitaka ile ya tone, ya watu wote.

"Nyeusi," Adau na Ebyan walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana kwa mashaka.

"Sisi tunacheza saa kumi, jua bado kali," Adau alieleza. "Laini itakuwa uji. Nyeusi ndiyo itafaa. Mkono wangu utazoea."

"Mkono wako?" Ebyan aliuliza.

"Na wako. Tutaona."

"Na italala kwa nani?" Sista Begoña aliuliza.

Ebyan alijibu kabla ya yeyote. "Kwa dada Adau. Yeye ndiye anajua kuiweka baridi."

Jumatatu bomba lilifunguliwa saa kumi na mbili. Kiwiko cha Adau kilikuwa kinauma, kwa sababu Jumapili nzima alikuwa ghalani na raketi nyeusi, peke yake, akiupiga mpira ukutani. Dumu lenye utepe wa buluu lilikuwa la tano. Zamu yake ikafika, na mwenyewe hayupo. Kutoka upande wa ghala ilisikika sauti ya mpira, na sauti ya Nyadak akicheka.

Mwanamke aliyekuwa nyuma alilisukuma lile dumu kwa mguu. "Huyu hayuko. Tuendelee."

Adau alisikiliza kile kicheko hadi kilipokwisha. Akaliinua dumu kwa mkono wake unaouma, akaliweka chini ya bomba, akafungua koki.

"Liache," alisema. "Mwenyewe anakuja."